Udongo wa Kileleshwa, Mafuriko ya Gikomba

Wasee, leo naongea juu ya tope. Ngoja, usiskroli. Najua tope halina soko. Ningeposti nani ameachana na nani, saa hii ningekuwa na komenti mia tano. Lakini mvua za Oktoba ziko njiani, na kabla zifike nataka tumalizane na uongo mmoja tunaolishwa kila mwaka.

Uongo wenyewe ni huu: eti Nairobi inafurika kwa sababu maskini ni wachafu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi redio zote zinaimba wimbo mmoja. Mama mboga alitupa juala. Makanga alirusha chupa dirishani. Watu wa Mathare walijenga mtoni. Halafu mkubwa fulani anakuja mbele ya kamera na gambuti mpya, bado ziko na lebo ya duka, anatuambia wananchi wabadilishe tabia. Sijawahi kusikia hata mmoja akisema mitaro imejaa udongo, na huo udongo una mwenyewe. Una plot nambari. Una geti, na juu ya geti kuna bango lenye picha ya watu wanaocheka kando ya kidimbwi cha kuogelea kilicho kwenye paa.

Sisemi plastiki haizibi mitaro. Inaziba. Lakini juala halifanyi maji kuwa mekundu.

Hebu fanya hivi. Siku mvua itaanza, simama Othaya Road, ama Ring Road Kileleshwa, ama Argwings Kodhek, ama popote upande wa Lavington ambapo barabara inateremka. Angalia rangi ya maji yanayokimbia kando ya lami. Ni rangi ya matofali. Sasa geuka, uyafuate kurudi yanakotoka. Sio safari ndefu, mara nyingi hata dakika tano haziishi. Utafika kwenye ukuta wa mabati, na chini ya hayo mabati utaona maji yakitoka kwa mkondo, yamejaa, mazito kama uji wa wimbi. Ndani ni shimo. Kando ya shimo kuna mlima wa udongo haujafunikwa na kitu, hata gunia. Getini malori yanatoka na magurudumu yamevaa tope kama viatu.

Mimi nakaa Kangemi, na kazi ya kushuti inanizungusha Westlands, Lavington, Kileleshwa, Kilimani na tao karibu kila wiki. Hii sio saiti moja ya mtu mmoja mbaya. Ni mtindo. Nyumba ya zamani ya ghorofa moja yenye nyasi na miti inanunuliwa, inabomolewa kwa siku mbili, miti inakatwa yote siku ya tatu, na kiwanja kizima kinaachwa uchi mpaka pesa ya hatua inayofuata ipatikane. Wakati mwingine hiyo hatua inachukua miezi. Mvua haingoji pesa.

Watu hudhani udongo ni kitu kidogo, so tupige hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nusu ekari ni kama mita 2,000 za mraba. Mvua nzito ya jioni moja, tuseme milimita 40, inamwaga lita 80,000 kwenye hicho kiwanja. Hiyo ni kama lori nane za maji, zile za lita 10,000 ambazo huwa tunaziona zikipeleka maji kwenye maghorofa hayohayo. Kiwanja kikiwa na nyasi na miti, maji mengi yanaingia ardhini polepole. Kikiwa uchi na kimekanyagwa na tingatinga mpaka kimegandamana, maji hayana pa kuingia. Yanakimbia, na hayakimbii mikono mitupu.

Shimo nalo. Chukua jengo lenye orofa tatu za kuegesha magari chini ya ardhi: shimo la mita 40 kwa 30, kwenda chini mita 9. Hizo ni mita za ujazo 10,800. Lori likibeba mita 15, hizo ni safari 720, na bado sijahesabu kwamba udongo ukichimbwa hufura. Sasa kila lori likiacha barabarani wilbaro moja tu ya tope, mwisho wa kazi mmeachiwa wilbaro 720 kwenye lami, bure, na zote zinangoja mvua ya kwanza ziingie mtaroni. Hiyo ni saiti moja. Hesabu winchi unazoziona ukisimama Valley Arcade.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema saiti za ujenzi kwa kawaida hutiririsha udongo mara 10 hadi 20 kuliko mashamba, na mara 1,000 hadi 2,000 kuliko msitu. Elfu moja hadi elfu mbili. Na Kileleshwa na Lavington, ukiuliza wazee, zilikuwa karibu msitu juzi tu.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba huu udongo wetu sio mbaya. Upande wa magharibi wa Nairobi umekaa juu ya udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano, udongo wa kina kirefu, unaokunywa maji vizuri. Mapadri wa St. Austin's walipanda kahawa pale Lavington zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kahawa ikakubali. Ni tofauti kabisa na ule mweusi wa Embakasi unaopasuka kiangazi na kufura mvua ikija. Ukiuacha na mizizi yake, udongo mwekundu unashikana. Ukiuchimbua, ukaumwaga rundo, ukauacha wazi, chembe zake za mfinyanzi zinaachana na kuingia majini. Hapo ndio shida inakuwa ngumu: chembe ya mchanga mkubwa inazama mita moja kwa sekunde chache, lakini chembe ndogo ya mfinyanzi inaweza kuchukua siku kadhaa kuzama hiyo mita moja. Kwa hivyo ukishauachilia mtaroni hakuna mtu ataushika tena. Ama uuzuie pale saiti, ama usahau.

Unaenda wapi? Kileleshwa na Kilimani zina vijito viwili ambavyo wengi wetu tunavuka kila siku bila kujua majina: Kirichwa Ndogo na Kirichwa Kubwa. Ukienda Arboretum kupiga picha, ule mto unaousikia ni Kirichwa Kubwa. Maji yake yanaingia mto Nairobi, na mto Nairobi unapita Museum Hill, unapita Globe, unashuka nyuma ya Kirinyaga Road kwa mafundi wa magari, unapita Gikomba, unaendelea mpaka Dandora. Juu huku mteremko ni mkali, maji yana mbio, yanabeba kila kitu. Kule chini ardhi inalala, maji yanapunguza mwendo, na mzigo unashushwa palepale. Kitanda cha mto kinapanda. Mto uliokuwa na nafasi ya mita mbili unabaki na moja. Mvua ileile ambayo zamani ingepita ndani ya kingo zake, leo inaingia kwa kibanda cha mitumba.

Na hauishii Dandora. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, inakuwa Sabaki, inaingia bahari hapo kaskazini kidogo ya Malindi. Kama umewahi kwenda Malindi wakati wa mvua umeona bahari imegeuka kahawia. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti wa tumbawe la huko lenye umri wa takribani miaka 300. Tumbawe hukua kwa matabaka kama mti, na kila tabaka linaweka kumbukumbu ya maji ya wakati huo. Walichokiona ni kwamba udongo unaofika baharini ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ukoloni ulipofungua mashamba huku juu. Yaani jiwe la baharini linajua tulichofanya bara. Sijui litaandika nini kuhusu sisi na Kilimani yetu.

Sasa turudi 2024. Mnakumbuka. Machi mpaka Mei maji yalichukua watu, zaidi ya 200 nchini. Mai Mahiu, usiku mmoja. Hapa Nairobi, Mathare, Mukuru, watu wakilala juu ya paa. Na serikali ilifanya nini? Ikasema kila aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni atoke. Tingatinga zikaja. Familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kutafuta pengine pa kukaa. Kuna watoto wa rika letu waliochukua mitihani mwaka huo wakiwa wamelala kanisani.

Mimi sibishani kwamba kukaa ukingoni mwa mto ni hatari. Nabishana na mwelekeo wa tingatinga. Mbona inajua tu njia ya kushuka? Mto ni mmoja. Aliyejaza udongo juu na aliyefurikiwa chini wote wako kwenye mto uleule, lakini mmoja alipata notisi na mwingine alipata kibali.

Mtaniambia 2018 waliwafikia hata matajiri. Kweli, Agosti 2018 walibomoa Ukay pale Westlands, wakabomoa kituo cha petroli Kileleshwa, wakabomoa South End Mall kule Lang'ata Road. Sote tulikuwa na simu mkononi tukishuti. Ilikuwa sinema tamu. Lakini kubomoa jengo moja mbele ya kamera hakuzuii hata ndoo moja ya udongo kutoka kwa saiti hamsini zinazochimbwa nyuma ya kamera. Kitu kinachozuia udongo hakina sinema. Ni kitambaa, kokoto na mtu mmoja mwenye koleo anayelipwa kukagua kila jioni.

Kwa sababu hii sio sayansi ya kwenda mwezini. Usichimbue kiwanja chote siku moja, chimbua sehemu unayofanyia kazi wiki hii, acha nyasi kwingine. Rundo la udongo lifunike kwa turubai, na liwe mbali na mteremko. Upande wa chini wa kiwanja weka uzio wa kitambaa kilichozikwa ardhini, kile kinachopitisha maji na kubakisha udongo. Getini mwaga kokoto kubwa, mita kadhaa, ili magurudumu yajipanguse yenyewe kabla ya kufika kwenye lami, na weka mtu na mpira wa maji ayaoshe. Chimba kidimbwi ndani ya saiti maji yatulie kabla ya kutoka. Zungushia magunia ya kokoto kwenye mdomo wa mtaro. Ukimaliza sehemu, panda nyasi siku hiyohiyo, usingoje mpaka siku ya kukata utepe. Ukiweka bei ya haya yote kando ya bei ya jengo la ghorofa 20, ni kama chenji ya matatu.

Badala yake tunafanya nini? Tunapampu usiku. Kama unaishi karibu na shimo unajua ninachosema. Mchana shimo limejaa maji ya mvua, usiku bomba linatokezwa chini ya mabati, pampu inanguruma mpaka alfajiri, na tope lote linamwagwa mtaroni wakati wenye macho wamelala. Kuna siku nilimuuliza foromani wa saiti moja, mzee mpole tu, amekaa kwenye ndoo akinywa chai.

“Mkubwa, hii maji inaenda wapi?”

“Siste, mimi naambiwa nitoe maji, natoa.”

Sina ubaya na yeye. Wala sina ubaya na vijana wa mjengo, wengi wao wanatoka mtaani kwetu na wanarudi jioni na mia chache. Wao ndio wanateleza kwanza ukuta wa shimo ukilegea. Binamu yangu ni wa bodaboda. Mwaka jana alianguka nje ya geti la saiti, mvua imekatika dakika kumi zilizopita, lami imepakwa tope jembamba linalong'aa kama mafuta. Alivunjika mkono. Mlinzi alimsaidia kuinua pikipiki. Mwenye saiti hajawahi kujua kama kuna mtu alianguka, na hospitali tulilipa sisi kwa kuchangisha kwenye WhatsApp. Hiyo pia ni gharama ya ujenzi, ila haiko kwenye daftari la mjenzi.

Najua komenti zinazokuja. Ya kwanza: “Unapinga maendeleo, unataka vijana wakose kazi.” Buda, kushona uzio, kuosha magurudumu, kupanda nyasi, kukagua vidimbwi, hizo zote ni kazi. Nimewaongezea kazi, sijapunguza. Ya pili: “Wataongeza bei ya nyumba.” Nani kati yetu ananunua hizo nyumba? Na hata kama bei ingepanda kidogo, leo kuna mtu analipa tayari, ni vile tu halipi yule anayenunua. Analipa yule wa Gikomba aliyepoteza bale la nguo. Kaunti inalipa kuzibua mitaro kwa pesa zetu. Ya tatu, na hii ndio inanikera kabisa: “Mvua ni ya Mungu.” Mvua ni ya Mungu, sawa. Shimo ni la nani?

Halafu kuna wale watasema hatuna sheria. Tuko nazo, mpaka tumezidi. Sheria ya mazingira, EMCA, ni ya 1999. Inataka miradi kama hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla jembe halijagusa ardhi, ile karatasi kila mtu huita ripoti ya NEMA. Ndani yake kuna mpango ambao mwenye mradi mwenyewe ameandika na kuahidi: vumbi atalifanya nini, kelele atazifanya nini, maji na udongo atavipeleka wapi. Kifungu cha 42 kinakataza kumwaga vitu mtoni bila idhini. Na kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema maji machafu unayoachilia kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za chembe kwa kila lita.

Miligramu 30 ni karibu uzito wa punje moja ya mchele. Kwa lita nzima. Sasa nyinyi mmeona uji unaotoka chini ya mabati.

Unajua Singapore, ile nchi kila mwanasiasa wetu anataka tuwe kama yeye? Kiwango chao kwa maji ya saiti ni miligramu 50. Kwa karatasi ya 2006, sisi tulikuwa wakali kuliko Singapore! Tofauti ni kwamba kule saiti inawekewa kamera inayoangalia mtaro, maji yakitoka na tope mtu anaonekana, na faini inafuata. Hapa kwetu kamera ya saiti inaangalia kama nani ameiba simiti.

Na tukitaka kuwa wakali tunaweza. Tarehe 28 Agosti 2017 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki. Ukipatikana nayo, faini ni kati ya milioni mbili na nne, ama jela mwaka mmoja hadi minne. Watu walishikwa. Wauzaji wa matunda walikimbizwa na kanjo kwa sababu ya juala la kufungia maembe. Mimi naunga mkono hiyo sheria, nasema tu tuiweke kando ya lori la udongo linaloingia Kirichwa kila wiki, halafu mtu anieleze hiyo mizani ilitengenezewa duka gani.

Ni tabia ya zamani, si ya juzi. Nchi hii imepigania udongo karibu miaka 100, lakini daima ikimwangalia mtu mwenye jembe. Wakoloni waliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta, kazi ya bure, mpaka wanawake wakakataa mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye, kwa hiari yao na kwa vikundi vyao vya mwethya, watu wa Machakos walichimba matuta mpaka milima ikabadilika sura. Kuna kitabu cha 1994 kinaitwa More People, Less Erosion kinachoeleza hiyo hadithi: kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Ile mbinu yao ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu inaitwa fanya juu. Na wasee, hili neno halijatafsiriwa. Mhandisi wa Ethiopia ama wa India akisoma kuhusu kuhifadhi udongo anakutana na “fanya juu” kwa Kiswahili, hivyohivyo. Dunia ilijifunza kuzuia udongo kwa maneno yetu.

Uliza wazazi wako kuhusu Moi na gabioni. Watakucheka kwanza, halafu watakusimulia: Rais mwenyewe akibeba mawe, mawaziri wakitokwa na jasho kwa suti, wanafunzi wa shule wakipangwa kwa mstari kujaza mawe kwenye nyaya. Ulikuwa mchezo wa kamera, ndio, lakini angalau kila mtoto wa miaka ya 80 alijua udongo ukienda haurudi. Sisi kizazi cha simu tunajua jina la kila jengo refu Westlands na hatujui maji yake yanaelekea wapi.

Bibi wa Machakos mwenye jembe na mtoto mgongoni aliweza kuuzuia udongo kwenye mlima. Kampuni yenye wahandisi, mkopo wa benki na tingatinga tatu inatuambia haiwezi kuuzuia kwenye nusu ekari. Mimi siamini hiyo “haiwezi.”

Na juu ya yote, kuna vijana wenzetu wa ClimateWorX walioko mtoni saa hii. Nimewaona na gambuti na koleo, wakitoa taka na tope, jua kali, harufu siwezi kueleza. Nawaheshimu kabisa. Lakini fikiria hiyo kazi: kijana analipwa na serikali kutoa udongo mtoni pale chini, wakati juu, kilomita chache tu, serikali hiyohiyo imetoa kibali cha kuuingiza. Ni kama kupiga deki na bomba limepasuka jikoni. Kwanza funga bomba.

Kwa hivyo nataka nini? Sitaki ujenzi usimame, mji unakua na watu wanahitaji pa kukaa. Nataka kibali cha kuchimba kisitoke kabla mkaguzi hajaona kwa macho yake uzio, kokoto za getini na kidimbwi vikiwa mahali pake. Nataka kusiwe na shimo jipya linalofunguliwa katikati ya Machi na Mei kama hakuna mpango wa maji. Nataka aliyechafua barabara aifagie siku hiyohiyo ama kazi isimame kesho. Na nataka ule mpango alioahidi ubandikwe getini, kando ya picha ya kidimbwi cha kwenye paa, kwa Kiswahili, kila mpita njia asome.

Najua hawatatupa kwa sababu tumeomba vizuri. Aprili nilipiga simu ofisi moja ya umma kuhusu geti moja, nikaambiwa hiyo si yao, nijaribu ofisi nyingine. Ile nyingine ikaniambia nirudi ya kwanza. So wacha tutumie kile tulicho nacho. Katiba, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini hata kama wewe binafsi hujapata hasara. Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakuruhusu kuomba nakala ya ripoti na ule mpango, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Huhitaji kuwa wakili. Unahitaji barua ya ukurasa mmoja na kitambulisho. Kama bado hujafika 18, mwombe mzazi ama mwalimu aiweke sahihi.

Ushahidi tunao mfukoni. Kila saiti inatakiwa kuwa na bango lenye majina ya mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi, na nambari za vibali. Piga hilo bango picha. Kisha ngoja mvua, shuti maji yanayotoka chini ya mabati, sekunde 20 zinatosha, tarehe na saa zionekane. Usiingie ndani ya saiti, usigombane na mlinzi, usiweke sura ya fundi yeyote kwenye video. Chota maji kidogo kwenye chupa ya soda ya lita moja, iweke dirishani usiku kucha, asubuhi piga picha ya kile kilicholala chini. Ukiona tabaka nene kama kidole, hiyo si punje ya mchele.

Nimeanza na mageti manne kati ya Ring Road Kileleshwa na Othaya Road. Barua zangu nne zimepokelewa na kupigwa muhuri Jumatatu, siku 21 zimeanza kuhesabika. Walio Parklands, Riverside, Kilimani na Dagoretti, nitumieni mabango yenu kabla mvua haijaanza, nianze kuandika za kwenu.